Spassky alikosea wapi? Jibu kuhusu mchezo wa sita wa Reykjavik, 1972

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, naishi Uyole hapa Mbeya. Nilianzia kwenye drafti, sasa nina mwaka na ushee kwenye sataranji. Mchezo wa sita kati ya Fischer na Spassky, ule wa 1972, nimeurudia kwenye simu mpaka hatua nyingi nimezikariri. Programu inanionyesha namba tu: weupe wako juu kidogo, wako juu zaidi, wameshinda. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: Spassky hakuliwa kete ya bure, kila alipoliwa naye alikula, halafu mwishoni hana pa kwenda. Alikosea wapi hasa? Na je, sisi tunaoanza tufungue kwa askari wa malkia au wa mfalme?

JIBU: Marahaba, kijana. Nimefurahi kwamba hukuridhika na namba. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: Spassky aliuharibu mchezo kwenye hatua ya 20, aliposogeza askari wake kutoka d5 kwenda d4. Hatua zilizobaki, ishirini na ushee, ni Fischer akikusanya alichopewa pale.

Uliyoyaona kuhusu kete ni kweli kabisa. Mpaka hatua ya 37 kila mmoja ana malkia, ngome mbili, kete ndogo moja (askofu au farasi) na askari watano. Ukihesabu kama tunavyohesabu kwenye drafti, utasema ni sare. Ndiyo sababu mchezo huu unawasumbua wengi waliotokea kwenye drafti, na ndiyo sababu nawapa wanafunzi wangu mapema. Unakulazimisha kutazama jambo jingine: askari wa nani bado wanaweza kutembea, na wa nani wamekwama.

Weka simu pembeni, upange kete kwenye ubao wa kweli. Nitaandika mraba kete inapotoka na mraba inapotua, na alama ya x maana yake ni kula. Ngome ni ile inayokwenda moja kwa moja, askofu ndiye wa mshazari, farasi unamjua.

Kwanza hali ilivyokuwa. Ni Julai 1972, Reykjavik, Iceland. Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti ni bingwa wa dunia tangu 1969. Bobby Fischer wa Marekani amepoteza mchezo wa kwanza, na wa pili hakutokea kabisa, hivyo ameanza akiwa nyuma 2 kwa 0. Kufikia asubuhi ya mchezo wa sita ameshasawazisha, 2.5 kwa 2.5. Karibu maisha yake yote Fischer alifungua kwa kusogeza askari wa mfalme hatua mbili, e2-e4. Siku ile akaanza na c2-c4, na baada ya hatua chache wakawa ndani ya Gambiti ya Malkia iliyokataliwa, yaani mweupe anamtoa askari wa c4 na mweusi anakataa kumla, ufunguzi wa kale na wa heshima kuliko karibu zote. Mwaka 1927, Capablanca na Alekhine walipogombea ubingwa kule Buenos Aires, walicheza michezo 34, na 32 kati ya hiyo ilikuwa ya ufunguzi huu. Kwa hiyo Fischer alimfuata Spassky kwenye uwanja ambao Spassky aliujua vizuri zaidi yake.

1. c2-c4 e7-e6 2. g1-f3 d7-d5 3. d2-d4 g8-f6 4. b1-c3 f8-e7 5. c1-g5, Spassky anamweka mfalme wake g8 nyuma ya ngome, 6. e2-e3 h7-h6 7. g5-h4 b7-b6.

Hatua ya b7-b6 ndiyo inayoitwa kinga ya Tartakower, kwa jina la Savielly Tartakower. Katika Gambiti ya Malkia iliyokataliwa, kete inayomtesa mweusi ni askofu wa c8. Askari wa e6 amemfungia mlango. Tartakower alisema basi atokee upande wa pili, b7, na kutoka pale aangalie mshazari mrefu mpaka ng'ambo. Fischer hakukubali. Tazama alivyojibu:

8. c4xd5 f6xd5 9. h4xe7 d8xe7 10. c3xd5 e6xd5.

Farasi wawili, maaskofu wawili na askari wawili wameondoka, na watu wengi wanaopitia mchezo huu hukimbilia mbele wakidhani hapa palikuwa na usafi tu. Simama hapa. Sasa kuna askari mweusi d5, na askari mweupe wa safu ya c aliyekuwa anamtishia hayupo tena. Askofu wa Spassky akienda b7 atakuwa anaangalia mgongo wa askari wake mwenyewe. Ndiyo maana akaenda e6 badala yake:

11. a1-c1 c8-e6 12. d1-a4 c7-c5 13. a4-a3 f8-c8 14. f1-b5.

Malkia wa Fischer yuko a3, na kutoka pale anaangalia mshazari mzima mpaka f8. Askari wa c5 yuko njiani, na nyuma yake, e7, yuko malkia wa Spassky. Huyo askari kwa hiyo hana uhuru. Akila kitu na kuondoka c5, malkia wake analiwa. Shika hilo, tutalihitaji baadaye kidogo.

Hatua ya 14 ya Fischer ilikuwa imeshachezwa miaka miwili kabla, Furman dhidi ya Geller, Moscow 1970. Na Yefim Geller huyohuyo alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa Spassky kule Reykjavik! Dawa yake ilikuja kuonekana hadharani mwaka uliofuata, Hilversum 1973, Geller alipomshinda Timman. Dawa ni malkia e7-b7. Fischer angekula c5: 15. d4xc5 b6xc5 16. c1xc5 c8xc5 17. a3xc5, ameongeza askari mmoja. Lakini sasa farasi anaruka b8-a6, askofu anamla, malkia anakula a6, na kutoka a6 anaangalia mshazari mpaka f1. Mfalme mweupe amebaki katikati, hawezi tena kuhamia nyuma ya ngome. Mweupe ana askari mmoja zaidi, ila kwa bei kubwa. Panga nafasi hiyo siku ukiwa na muda. Inafundisha vizuri askari mmoja anagharimu nini.

Spassky hakucheza hivyo. Alicheza a7-a6, na mchezo ukaendelea:

15. d4xc5 b6xc5 16. Fischer anamweka mfalme g1, na Spassky a8-a7. 17. b5-e2 b8-d7.

Huenda ulijiuliza kwa nini askari wa a6 hakumla askofu wa b5. Nyuma ya askari yuko ngome wa a8, na malkia mweupe anamwangalia kutoka a3. Wakati huo farasi wa b8 alikuwa bado hajatoka, kwa hiyo ngome wa c8 hawezi kumlinda mwenzake. Ukila askofu, unaliwa ngome.

Sasa tumefika penye nyama. Angalia askari weusi wa c5 na d5. Wamesimama bega kwa bega, na hakuna mwenzao kwenye safu ya b wala ya e wa kuwalinda kwa nyuma. Wachezaji huwaita askari wanaoning'inia. Kwa mtu anayeanza huonekana ni udhaifu mtupu, na vitabu vingi humtia woga. Mimi nasema hapana. Askari hawa wawili wana nguvu sana wakiwa wamesimama sawasawa, kwa sababu pamoja wanalinda b4, c4, d4 na e4, yaani kila kete ya adui inakatazwa katikati ya ubao. Nguvu yao inatokana na kwamba mpinzani hajui ni yupi atakayesogea. Mmoja akishasogea, swali limejibiwa, na anayebaki nyuma anakuwa mzigo. Askari hawarudi nyuma.

Kazi ya Fischer kwa hiyo ilikuwa kumlazimisha Spassky asogeze mmoja, mahali pabaya. Kila hatua yake kuanzia hapa inafanya kazi hiyo.

18. f3-d4! Farasi anatua mbele ya mdomo wa askari wa c5, lakini askari hawezi kumla, kwa sababu niliyokwambia: malkia yuko nyuma yake. Spassky anamwondoa malkia hadi f8, ambako kete zake zinamlinda, na sasa kweli anatishia kumla farasi. Fischer anamla askofu: 19. d4xe6 f7xe6.

Hapa ndipo vijana wengi hunibishia, na pengine wewe pia. Wanasema: Fischer amembadilisha farasi mzuri kwa askofu aliyekuwa amefungwa, halafu amempa Spassky askari wa e6 wa kumlinda d5. Amemsaidia! Sasa jiulize askofu yule alikuwa anatembea kwenye miraba ya rangi gani. Nyeupe. Alipoondoka, Spassky amebaki na farasi tu, na Fischer amebaki na askofu wa e2, ambaye naye hutembea kwenye miraba ya rangi nyeupe. Kuanzia sasa hakuna kete ya Spassky inayoweza kumpinga askofu huyo kwenye njia zake. Kinachomzuia ni askari tu, d5 na e6, ambao wote wamesimama kwenye miraba myeupe. Wakikaa hapo, askofu hana kazi. Wakiondoka hapo, ubao ni wake.

Ndipo Fischer akapiga: 20. e3-e4!

Tafadhali kaa hapa kabla ya kwenda mbele. Geuza ubao, uwe Spassky. Una njia tatu za kufikiria. Ukimla, d5xe4, askari wako wa a6, c5, e6 na e4 kila mmoja anabaki peke yake, na ngome nyeupe zitawafuata mmoja mmoja. Ukisogeza c5-c4, unafungia askofu wa Fischer ule mraba wa c4 anaoutamani. Ni kweli unaacha d4 bila ulinzi, lakini nani ataingia d4? Farasi weupe wote wameshakufa, na askofu aliyebaki hawezi kukanyaga mraba mweusi hata mara moja. Hasara hiyo ni ya kwenye karatasi. Nafasi si raha, Fischer bado yuko juu kidogo, lakini watu wanaishi. Wachambuzi wengi wameipendekeza hatua hiyo, na mimi naungana nao.

Spassky alichagua njia ya tatu: 20. ... d5-d4.

Inavutia kwa macho. Unapata askari aliyepita, amelindwa na c5, hakuna mweupe anayeweza kumzuia kwa askari. Programu ya zamani ingeweza hata kuisifu. Lakini askari wote wawili sasa wako kwenye miraba myeusi, wamesimama kama lori lililozima kwenye kona ya mlima Kitonga: lenyewe halijaanguka, ila kila kilicho nyuma yake hakipiti. Ngome za Spassky ziko nyuma, farasi yuko nyuma, malkia yuko nyuma. Na mraba wa c4 umebaki wazi, na e6 amebaki peke yake.

21. f2-f4 f8-e7 22. e4-e5 c8-b8 23. e2-c4.

Kwa e4-e5 Fischer anamnyima farasi mweusi mraba wa f6, na anazuia e6 asiweze kusogea. Kisha askofu anakaa c4 na kumwangalia e6. Farasi mweusi angependa kwenda b6 kisha d5, maana kutoka d5 angeziba mshazari. Jaribu: 23. ... d7-b6 24. a3-b3! Farasi akimla askofu wa c4, malkia mweupe anamla ngome wa b8 kwa sheki, yaani akimtishia mfalme. Asipomla, e6 anaanguka. Spassky aliliona hilo akamsogeza mfalme h8.

24. a3-h3 d7-f8. Malkia anavuka mstari wa tatu mzima, kutoka pembe moja ya ubao hadi nyingine, na kuongeza shinikizo kwa e6. Farasi anarudi f8 kulinda. Angeenda ngome b8xb2, Fischer angekula e6, na askari wake wa e na f wangeanza kushuka pamoja bila mtu wa kuwasimamisha.

25. b2-b3 a6-a5 26. f4-f5 e6xf5 27. f1xf5 f8-h7 28. c1-f1 e7-d8.

Hatua ya 28 ya Spassky ina mtego mdogo, nao ndio wa mwisho. Ukikimbilia na ngome f5-f7, farasi anaruka h7-g5, anamwangalia ngome wa f7 na malkia wa h3 kwa pamoja. Fischer anaondoka kwanza: 29. h3-g3 a7-e7, halafu 30. h2-h4! Mraba wa g5 umefungwa, na farasi wa h7 amebaki anatazama ukuta. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua nzuri kuliko zote za sehemu hii, na katika michezo ya wanafunzi wangu naiona mara chache sana. Wanatafuta shambulio kabla ya kumfungia adui kete yake ya mwisho inayopumua.

30. ... b8-b7 31. e5-e6 b7-c7 32. g3-e5 d8-e8 33. a2-a4 e8-d8 34. f1-f2 d8-e8 35. f2-f3 e8-d8 36. c4-d3 d8-e8.

Soma tena hatua za Spassky: malkia e8, d8, e8, d8, e8. Bingwa wa dunia anasogeza kete kwa sababu ni zamu yake, basi. Fischer hana haraka. Kwa a2-a4 anazuia askari wa a5 asije kumsumbua b3. Anazipanga ngome mbili kwenye safu ya f. Ni pale tu kila kitu kilipokuwa mahali pake ndipo askofu anapohama mshazari.

37. e5-e4. Sasa tishio limetimia: ngome f5-f8 kwa sheki, farasi anakula, ngome nyingine inakula f8, malkia anakula, na malkia mweupe anatua h7 akilindwa na askofu wa d3. Mfalme amekwisha. Spassky anaziba kwa farasi, h7-f6, na Fischer anatoa ngome: 38. f5xf6 g7xf6 39. f3xf6 h8-g8 40. d3-c4 g8-h8 41. e4-f4. Spassky akakubali kushindwa. Watu ukumbini walipiga makofi, na Spassky mwenyewe akapiga makofi pamoja nao. Kwangu hilo ni sehemu ya mchezo, siwezi kulisimulia pambano hili nikaliacha. Fischer aliongoza 3.5 kwa 2.5, na mwisho wa yote akawa bingwa kwa 12.5 dhidi ya 8.5.

Kuhusu programu yako: haikudanganyi, ila inajibu swali tofauti na lako. Programu kama Stockfish inakwambia nani yuko juu baada ya kupima mamilioni ya nafasi. Haikwambii kwamba askofu wa c4 alizaliwa pale farasi alipokufa e6. Itumie baadaye. Kwanza pitia mchezo ukiwa na ubao, na kila askari anaposogea, jiulize ni miraba gani ameacha kuilinda na ni kete gani ya adui itakayofurahi. Ukishaandika jibu lako, hapo ndipo uwashe simu uone kama mnakubaliana.

Swali la pili nitalijibu kwa ufupi. Anzeni na e2-e4. Michezo yake hufunguka mapema, na makosa yanaadhibiwa upesi, hivyo mtajifunza kuona. Gambiti ya Malkia ichezeni pembeni, mkiwa na muda, kwa sababu mafunzo yake huchukua hatua ishirini kujitokeza kama ulivyoona. Asikuambie mtu kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Amon Simutowe alikulia Zambia, hapo tu ukivuka Tunduma, na ni grandimasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa sataranji.

Kazi ya wiki hii kwako na wenzako: pangeni nafasi ilivyo baada ya 20. e3-e4. Mmoja awe mweusi acheze c5-c4 badala ya d5-d4, mwingine awe Fischer. Mkimaliza, geuzeni ubao. Chezeni mara nyingi kadiri mnavyoweza, bila simu, na andikeni hatua zote. Nitumieni mchezo ambao mweusi alishindwa kabisa kuona afanye nini, na mniambie ni hatua ya ngapi mlipoanza kusogeza kete kwa sababu tu ni zamu yenu.